UZI: Nilipata A ya grafiki chuoni, kadi 200 za harusi zikaniumbua. Tunaoanza tuanzie wapi hasa?

#1 Kinyozi wa Picha (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wadau.

Mie ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, chuo kimoja huku Tunguu, Unguja, nasoma mambo ya habari. Muhula uliopita tulikuwa na somo la grafiki na kuhariri picha kwa wanaoanza. Masaa matatu kwa wiki, tunakaa wawili kwa kompyuta moja. Aliye karibu na mausi ndiye anayesoma, mwenziwe ni mtazamaji. Mie nilikuwa nawahi ili nikae upande wa mausi. Mtihani nikapata A. Hiyo A naitaja makusudi, mtaona.

Likizo ikaingia, mtoto wa ami yangu akawa anaoa. Nyumbani wakasema kadi za nini kupeleka kwa watu wakati msomi tunaye ndani? Nikafurahi, nikakesha siku mbili. Ardhi ya kadi feruzi inayong'aa, pindo la dhahabu, juu kabisa aya ya 21 ya Surat Ar-Rum, ile iliyozoeleka kwenye kadi za harusi. Aya nikainakili kwenye simu, nikaibandika kwenye Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, nikaipamba kivuli. Kadi 200, moja shilingi 700, jumla 140,000. Nyingi ya pesa hiyo ni bumu langu, yaani mkopo wa chuo, nikasema ndiyo zawadi yangu kwa bwana harusi.

Kadi zikaletwa Alhamisi. Feruzi ilikuwa imefifia kama doria iliyofuliwa miaka kumi. Dhahabu imekuwa binzari iliyoungua. Hayo ningeyameza. Bibi akavaa miwani, akaishika kadi, akaitazama kitambo, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii ni lugha gani?"

Wallahi nilisikia baridi. Herufi za aya zote zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, tena zimepangwa kuanzia kushoto. Ni kama mtu kakusudia kuandika "harusi" akaandika "i s u r a h". Na mie chuo nimepita vyote viwili, hichi cha Tunguu na kile cha maalim nilipokuwa mdogo. Kiarabu cha Msahafu nakisoma. Lakini siku mbili nzima nilikuwa naitazama ile aya kama pambo, sikuisoma hata mara moja.

Kadi zenye maneno ya Mungu hazitupwi jaani. Tulizichoma uani, majivu tukayafukia chini ya mlimao. Harusi ikaalikwa kwa simu.

Sasa naomba tuzungumze. Leya nazijua, zile tabaka za picha zinazolazwa moja juu ya nyengine, maski naijua, ile ya kuficha sehemu ya leya, kukata mtu kwenye picha nikambandika kwenye nyengine nakujua. Ni kitu gani sikufundishwa?

#2 Shoka Butu

Ulichofundishwa ni ada. Haya yote yapo YouTube bure, yakhe. Miaka mitatu chuo kwa ajili ya kubandika feruzi?

#3 Wino Mweusi

Kinyozi, pole sana. Mie nipo upande wa pili wa kaunta, mwaka wa kumi na moja huu, duka la kuchapisha mitaa ya Darajani. Ngoja nikwambie mafaili yenu tunavyoyaona yakiingia.

Kwanza WhatsApp. Kijana anatuma picha kwa njia ya kawaida, nayo inapunguzwa njiani, upande mrefu unabaki karibu pikseli 1600, yaani vile vitone vinavyounda picha. Kwenye simu inang'aa kama kioo. Lakini sisi kwa kitu cha kushika mkononi tunataka pikseli 300 kwa kila inchi. Gawa 1600 kwa 300, unapata inchi tano na kidogo, kama sentimita 13 na nusu. Hiyo inatosha kadi. Yeye anataka bango la A3! Ukimwambia haitoshi anasema "si uikuze tu". Kuikuza ni kutia maji kwenye urojo, bakuli litajaa lakini hutokula kitu. Ikiwa lazima utume kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, hapo inapita nzima. Na ukubwa upangwe pale unapofungua ukurasa mpya, si siku ya mwisho. A4 kwa kipimo hicho ni pikseli 2480 kwa 3508. Baneri za kutundika juu barabarani ni habari nyengine, mtu anaiona kutoka ng'ambo ya pili, pikseli 100 kwa inchi zinatosha, mara nyengine pungufu ya hapo.

Pili, hiyo feruzi yako. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, kinachanganya nyekundu, kijani na buluu. Hiyo ndiyo RGB. Karatasi haitoi mwanga, inakunywa wino kisha inarudisha mwanga uliobaki. Sisi tuna wino wa siani, majenta, manjano na mweusi, yaani CMYK. Kuna rangi kioo kinaziweza na wino hauziwezi, na feruzi kali inayong'aa imo humo, pamoja na ile kijani ya kumeta na buluu ya umeme mnazozipenda. Dhahabu ndiyo kabisa. Dhahabu si rangi, ni mng'aro. Kwenye wino wa kawaida inatoka kahawia iliyochanganyika na manjano. Ukitaka dhahabu ya kweli, ipo karatasi nyembamba ya kung'aa inayogandishwa kwa moto, ina bei yake, na lazima utwambie mapema. Programu nyingi zina namna ya kukuonesha mapema rangi zitakavyotoka kwenye karatasi. Ifungue kabla hujaipenda feruzi, maana ukishaipenda husikii tena.

Tatu, nafasi ya kukatia. Ikiwa rangi inafika ukingoni, ipitilize milimita 3 kila upande nje ya kadi. Mashine ya kukatia ikiteleza unywele mmoja na hukuacha ziada, unapata mstari mweupe pembeni, kisha mnagomba na sisi. Maandishi nayo yarudishe ndani. Nimeshakata jina la baba wa bi harusi mie, kwa sababu mtu kalibandika ukingoni. Sitaki kukumbuka.

Sasa aya. Herufi ya Kiarabu inabadilika umbo kwa pale ilipo: mwanzo wa neno, kati, mwisho, au peke yake. Programu lazima ijue kuziunga na kuanzia kulia. Photoshop inaweza, lakini kuna mpangilio kwenye upande wa maandishi, ule wa lugha za Mashariki ya Kati, na kama haujawashwa unapata hayo uliyoyapata. GIMP, programu ya kuhariri picha, na Inkscape, ya kuchora, zinaunga zenyewe bila kuambiwa. Fonti tafuta Amiri, ya bure, imefuatisha herufi za matbaa ya Bulaq ya Kairo, irabu zake zinakaa pahala pake. Ukimaliza geuza maandishi yawe michoro, toa PDF, kwa sababu duka likiwa halina fonti yako kompyuta itachagua nyengine bila kukuuliza.

Na la mwisho, ulijue: sisi dukani hatusomi. Tunaangalia saizi, idadi na karatasi. Kwa siku inapita kazi ya watu thalathini. Omba nakala moja ya majaribio, nenda nayo nyumbani, mpe bibi yako huyo huyo.

#4 Mgeni wa Wete

Asalaam aleikum. Mie nimemaliza skuli, nasubiri chuo, nipo Wete, Pemba. Sina laptopu, nina simu tu. Nikifika chuo nitaonekana mjinga? Na hiyo Photoshop inauzwa bei gani?

#5 Shoka Butu

@Mgeni wa Wete hainunuliwi, kuna ya kraki, iliyovunjwa isilipiwe. Njoo inbox.

#6 Kinyozi wa Picha

@Wino Mweusi Allah akubariki. Umenipa kwenye posti moja kuliko muhula mzima. (Mwalimu wangu akisoma hapa anisamehe, najua wanafunzi walikuwa wengi na umeme ulikuwa unakatika.)

@Mgeni wa Wete usiende inbox. Ile ya kraki ilitembea kwenye flashi darasani kwetu, wiki moja baadaye mafaili ya watu yamegeuka njia za mkato tupu, asaimenti imekwenda na maji. Na Photoshop huinunui ukamaliza, unailipia kila mwezi.

Chukua GIMP, ya bure kihalali. Tena GIMP ni kazi ya wanafunzi, ilianzwa 1995 na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka uliofuata wakaitoa kwa watu. Hata faili lake linaishia na xcf, ufupisho wa jina la klabu yao ya kompyuta chuoni. Na hiyo Photoshop yenyewe mnayoivunja ilianza vivyo hivyo: Thomas Knoll alikuwa anasomea shahada ya uzamivu (PhD) Michigan, 1987, akaandika programu ya kuonesha picha za kijivu kwenye kioo, mdogo wake John akamshikilia waiendeleze. Adobe wakaitoa 1990. Leya hazikuwemo! Zimeingia toleo la tatu, 1994. Kabla ya hapo ukishabandika umebandika. Siku niliyolisoma hili nilizipenda leya kwa mara ya kwanza. Darasani tuliambiwa tu "bonyeza hapa".

Kwa simu pia unaanza vizuri. Kukata picha, kunyoosha upeo wa bahari uliolala upande, kupunguza mwanga. Macho ndiyo yanayofundishwa hapo.

Halafu wadau, nina aibu ya pili sikuitaja. Mahafali ya dada yangu, saa saba mchana, nilipanga watu nje mbele ya jengo. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe, wanawake buibui, majoho meusi juu. Nyuso zote zimetoka giza, macho mashimo, na kanzu zimeungua hazioneshi hata mshono wa kifuani. Nikaongeza mwanga kwenye kompyuta, nyuso zikawa rangi ya jivu. Nini nifanye?

#7 Doti Moja

Hapo kwenye macho nina neno langu, la picha namwachia mwengine.

Mie nimesoma somo kama lako, nina miaka minne sasa natengeneza kadi, vipeperushi na nembo za maduka. Mwalimu alituonesha mabango ya Uswisi na Ujerumani, mazuri sana, alama nikapata, sikuelewa kitu. Nilielewa siku niliyofungua kabati la mama.

Kanga ina vitu vitatu: pindo, mji, na jina. Pindo linazunguka, mji upo kati, jina, yaani msemo wake, lipo chini ya mji kwenye kisanduku chake. Rangi mbili, tatu, aghalabu hazizidi hapo. Jina moja tu. Husikii kanga ina majina manne na nembo za wafadhili sita na namba tatu za simu. Na lile jina linatakiwa lisomwe na mtu aliye nyuma, mwenye kanga anatembea, kitambaa kimejikunja, na yule aliyekusudiwa asingizie hakuliona! Ndiyo maana herufi kubwa, nene, juu ya ardhi inayopingana nayo. Zamani majina yalikuwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye zikaja herufi hizi, mpangilio ukabaki ule ule. Mtu aliyechora kanga alikuwa anajua vyote tulivyofundishwa kwa maneno makubwa.

Sasa tazama vipeperushi vyetu vya chuo. Fonti tano, kila moja na kivuli chake. Picha ya mgeni rasmi, ya mwenyekiti, ya katibu, bendera, bahari, mnazi, kompyuta, mikono inayopeana. Tarehe ipo wapi? Chini kushoto, kwa herufi za sisimizi, nyekundu juu ya buluu. Kila kitu ni mji, hakuna pindo wala jina.

Zoezi nililojipa mwenyewe, na ninalowapa wanaokuja kwangu: chukua kanga moja ya nyumbani, ichore upya kwenye Inkscape. Usichore yote. Chora robo ya mji kisha igeuze kama kwenye kioo, chora kipande kimoja cha pindo kisha kirudie. Anza na korosho, lile pambo la kanga. Usiku wangu wa kwanza korosho moja niliitia nukta arobaini, ikatoka kama kiazi kilichotafunwa na panya. Korosho inataka nukta nne tu, labda tano: moja kwenye ncha, moja mgongoni, moja chini, moja tumboni, kisha unavuta mikono ya kila nukta mpaka mstari upinde. Siku korosho yako ikikubali, nembo yoyote utaichora. Na kwa kuwa ni vekta, yaani mistari inayohesabiwa upya kila ukiikuza, si pikseli, iwe ya kadi au ya baneri ya mita sita, haipotezi ukali.

Ukimaliza kazi yoyote, ifungue kwenye simu, iweke mezani, simama hatua kumi. Unachokisoma hapo ndicho jina la kanga yako. Ikiwa husomi kitu, rudi ukapunguze.

#8 Shoka Butu

Kanga tena. Mteja wangu anataka zote tano fonti, na analipa yeye.

#9 Doti Moja

@Shoka Butu mpelekee mbili: aliyoitaka na uliyoipunguza. Mie kwa miaka minne waliochagua ya fonti tano nawahesabu kwa vidole. Usimhubirie, mpe atazame.

#10 Mpigapicha wa Chake

Wanangu, nimekuwa nasoma kimya. Nimepiga picha Chake Chake tangu wakati wa filamu, unapiga thelathini na sita halafu unasubiri, hujui umepata nini mpaka zioshwe. Nimjibu kijana wa mahafali.

Kosa lako si la kompyuta. Ni la saa saba.

Sisi tupo nyuzi tano hadi sita hivi kusini ya ikweta. Mapema Machi na tena mapema Oktoba jua la mchana linatupita utosini sawasawa, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Jua la utosini linatia kivuli chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu. Hakuna programu inayoweza kuyarudisha macho ambayo mwanga haukuyafikia, itakachokurudishia ni jivu, kama ulivyoona. Wapeleke watu barazani. Baraza zetu hizi za nyumba zimejengwa watu wakae kivulini wakitazama njia, na kivuli cha namna hiyo, kilicho wazi upande mmoja, ndicho kizuri kuliko taa nyingi za kununua. Mwanga unagonga ukuta mweupe wa mbele unarudi usoni pole pole. Huna baraza, tafuta upenu wa jengo. Huna upenu, subiri alasiri.

Ukitaka kujifunza mwanga bila ya kulipa, tazama picha za zamani za studio. Pale Mji Mkongwe ipo Capital Art Studio, Ranchhod Oza aliifungua 1930, picha zake za weusi na weupe zimeonekana na watu miaka yote. Usitazame nguo wala magari. Tazama kivuli cha pua kimeangukia wapi. Kutoka hapo utajua taa ilikaa wapi. Mimi ndivyo nilivyojifunza, sikuwa na mwalimu wa chuo.

La pili: kamera haijui kanzu ni nini. Imetengenezwa kudhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha katikati. Ukimpa watu waliovaa kanzu wamejaza picha, inaona "pamezidi mwanga", inapunguza, kanzu inakuwa kijivu na nyuso zinazama. Ukimpa mabuibui yamejaza picha, inaona giza, inaongeza, buibui linakuwa jivu na uso wa mwenye buibui unaungua. Wewe ulikuwa nao wote wawili, na jua juu. Kwa hiyo usimwachie mashine. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye kioo, halafu buruta kile kijua kidogo juu au chini mpaka uso ukae. Kanzu zikiwa kivulini pamoja na nyuso, tofauti inakuwa ndogo, zote zinaingia.

Kisha hiyo histogramu, grafu ya mwanga wa picha yenye umbo la kilima, ambayo vijana wanaipita kama haipo. Kwenye picha ya kawaida kila rangi ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Kile kilima kinakuonesha picha yako imekaa ngazi zipi. Kanzu ikigota 255, pale hakuna uzi, hakuna mshono, hakuna kitu cha kurudisha, ni shimo jeupe. Bora upige giza kidogo kanzu ibaki chini ya hapo, kisha kwenye kompyuta uinue ngazi za katikati peke yake, ambako ndiko nyuso zetu zinakokaa. Usiongeze mwanga wa picha nzima. Chombo kinachofaa ni kile cha mstari unaoupindisha (Curves): shika katikati, inua kidogo, juu pabane pabaki palepale.

Nawapa kisa kimoja nimalize. Enzi za filamu, Kodak waliwapa maabara kadi ya mwanamke wa Kizungu ya kulinganishia rangi, watu wa fani wanaiita kadi ya Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Sisi tukitoka makaa, basi. Malalamiko yaliyosaidia filamu ikatengenezwa vizuri kwa rangi za kahawia yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, wao walitaka bidhaa zao zionekane. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniuliza nina nini.

#11 Kinyozi wa Picha

Ami, shikamoo. Nimelisoma mara tatu. Nimechukua ile picha ya mahafali nikafungua histogramu, ukuta mrefu umeegemea kulia kabisa. Kumbe kanzu zilikwisha potea kabla sijafika nyumbani.

#12 Mpigapicha wa Chake

Marahaba mwanangu. Ifanye ya weusi na weupe, itasitirika kiasi. Na faili la asili usilihifadhi juu yake, JPEG, faili la kawaida la picha, kila ukiihariri na kuihifadhi upya inapoteza kitu. Weka la asili pembeni, fanya kazi kwenye nakala.

#13 Doti Moja

Ami umenikumbusha. Hiyo kadi ya Shirley haijafa, imehamia kwa wateja. Nusu ya mabibi harusi wananiambia "nifanye mweupe". Na programu za simu zinafanya bila hata kuombwa, unalainishwa mpaka pua inapotea. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawakubalia. Mmoja akanirudia na albamu, kanambia mama yake kauliza huyu ni nani. Sasa nina kanuni: kinachoondoka chenyewe baada ya wiki mbili nakifuta, kama chunusi au jicho jekundu la aliyelia usiku. Kinachobaki kwa mtu maisha, kama doa la kuzaliwa, kovu, rangi yake, sikigusi. Anayetaka weupe namwelekeza kwengine, kwa heshima.

Na nyinyi wanafunzi wa kike mtakaoitwa kupiga upande wa wanawake, kwenye kitchen party na singo, kwa kuwa sisi ndio tunaoitwa: picha zile ni amana. Watu wamevua buibui mbele yako. Mie naziweka kwenye diski ya mwenyewe, nahariri kutoka humo humo, kwenye laptopu yangu haibaki hata moja, na ile ya kuhifadhi mtandaoni yenyewe naizima kabla sijatoka nyumbani. Laptopu siku moja itakwenda kwa fundi, na fundi ana macho. Hili sikulisikia darasani wala YouTube.

#14 Shoka Butu

Hilo la fundi ni kweli. Nimelishuhudia.

@Wino Mweusi swali bila ya ubishi: maandishi yangu meusi madogo kwenye vipeperushi yanatoka na kivuli cha rangi pembeni kama mtu anayeona mbili. Printa mbovu?

#15 Wino Mweusi

Si printa. Nyeusi yako imechanganywa wino zote nne, kwa sababu umeileta kutoka RGB. Rangi nne zikipishana kidogo tu, herufi ndogo inapata kivuli. Maandishi yawe wino mweusi peke yake, mia kwa mia, nyengine zote sifuri. GIMP yenyewe inafanya kazi ndani ya RGB, kwa hiyo kazi yenye maandishi mengi picha itengeneze huko, kisha maandishi na mpangilio vifanye kwenye Scribus. Nayo ni ya bure. Haina raha ya kutazama, lakini PDF yake ikifika kwetu hatukupigii simu.

#16 Mgeni wa Wete

Shukrani wote. Mjomba kanipa laptopu yake ya zamani. Nimepakua GIMP, nimefungua picha ya baba kwenye mkeka wa karafuu, nikaipunguza. Sasa kuna mistari ya vitone ya manjano imezunguka, nikichora ndani inachora, nikitoka nje ya mistari brashi haichori kitu. Nimeharibu?

#17 Kinyozi wa Picha

Hujaharibu, mie ilinichukua wiki kujua. Hiyo ya manjano ni mipaka ya leya. Umepunguza leya, hukupunguza picha, kwa hiyo leya imekuwa ndogo kuliko ukurasa na nje yake hakuna cha kuchorea. Nenda menyu ya leya, kuna chaguo la kuifanya leya ilingane na ukubwa wa picha. Libonyeze.

#18 Mgeni wa Wete

Imekubali. Karafuu zimetoka nyekundu sana lakini, ndiyo zinavyotakiwa?

#19 Mpigapicha wa Chake

Zikiwa mbichi, ndiyo, zina wekundu wake. Zikiwa zimeanikwa siku tatu, punguza. Ziendee hapo nje uzitazame.